KULENGA SHABAHA: MCHEZO WA WATU WALIOTULIA

Kila mwaka kurasa za michezo za jarida letu hujaa kandanda, raga, mpira wa vikapu na riadha. Sina ugomvi na michezo hiyo. Mwaka huu, hata hivyo, nimeomba nafasi niueleze mchezo ambao wengi wetu huuona kwenye televisheni wakati wa Olimpiki tu, kisha tukausahau. Nao ni mchezo wa kulenga shabaha, kwa bunduki na kwa upinde.

Sababu ya kuandika ni hii. Katika mjadala wetu wa muhula wa pili kuhusu michezo shuleni nilipoutaja mchezo huu, darasa zima liliangua kicheko. Mmoja akauliza, "Kwani tutafunzwa ujambazi?" Mwingine akasema eti huo ni mchezo wa mabwanyenye wa Lavington wenye mageti makubwa, si wa mtoto anayetembea kwa miguu kutoka Kawangware kila asubuhi. Muda wa mjadala ukaisha na maswali hayo yakabaki hewani. Mimi nayaona ni maswali ya maana. Je, mchezo huu ni hatari? Na je, ni wa nani? Lakini kabla ya kuyajibu, tuujue kwanza mchezo wenyewe, kwani wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza.

MCHEZO UNAVYOCHEZWA

Tuanze na bunduki. Katika Olimpiki kuna mashindano ya namna nyingi: bunduki ndefu, bastola, na hata kupiga visahani vya udongo vinavyorushwa angani. Shindano ambalo vijana wengi huanzia ni lile la bunduki ya hewa. Bunduki hii haitumii baruti. Hewa iliyoshindiliwa ndiyo inayosukuma kipande kidogo cha madini ya risasi chenye kipenyo cha milimita 4.5. Mlengaji husimama mita 10 kutoka kwenye shabaha na hupiga mara 60 katika muda wa saa moja na robo.

Ukisikia mita 10 utasema, "Ah, hiyo ni rahisi!" Ngoja kwanza. Nukta ya katikati, ile ya alama kumi, ina upana wa nusu milimita. Chukua kalamu yako uweke nukta moja kwenye karatasi. Huenda hiyo nukta uliyoiweka ni kubwa kuliko hiyo. Isitoshe, katika fainali alama huhesabiwa kwa desimali, hivi kwamba pigo bora kabisa huwa 10.9. Katika Olimpiki ya Paris, mwaka 2024, wasichana wawili walimaliza fainali wakiwa sawa kabisa, kila mmoja na alama 251.8. Wakaambiwa wapige mara moja zaidi. Huang Yuting wa Uchina akapata 10.3 na Ban Hyojin wa Korea Kusini akapata 10.4. Dhahabu ikaenda Korea kwa tofauti ya sehemu moja ya kumi.

Sasa tuje kwenye upinde. Katika Olimpiki mpigaji husimama mita 70 kutoka kwenye shabaha, yaani kama theluthi mbili ya urefu wa uwanja wa kandanda. Vijana walio chini ya miaka 18 hupiga kutoka mita 60. Shabaha ni duara lenye upana wa sentimita 122, lililopakwa rangi kwa miviringo: nyeupe nje, kisha nyeusi, buluu, nyekundu, na manjano katikati. Manjano ni alama 9 na 10, nayo nyeupe ni 1 na 2. Kwanza kila mmoja hupiga mishale 72 ili wapangwe kwa uwezo wao. Asiyekosa hata kidogo angepata alama 720. Halafu wanapambana wawili wawili, mishale mitatu mitatu. Anayeshinda awamu hupewa pointi mbili, wakitoka sare kila mmoja huchukua moja, na wa kwanza kufikisha sita ndiye mshindi. Wakilingana mwishoni hupigwa mshale mmoja mmoja, na uliokaribia katikati zaidi ndio unaoshinda.

Kwenye uwanja wa upinde filimbi ndiyo sheria. Filimbi mbili: wapigaji wasogee kwenye mstari. Filimbi moja: waanze kupiga. Tatu: waende kuchukua mishale. Zikipigwa tano au zaidi, kila mtu aache papo hapo, hata kama alikuwa amekwisha kuvuta. Hakuna anayevuka mstari kabla ya filimbi tatu, awe bingwa wa dunia au awe mtoto wa kwanza siku ya kwanza.

MWILI, PUMZI NA MOYO

Mchezo huu hauhitaji misuli ya kutisha. Unachohitaji ni mwili uliotulia, na hapo ndipo penye kazi. Nilijionea mwenyewe likizo ya Agosti mjomba wangu aliponipeleka kwenye uwanja mmoja wa upinde. Nilidhani nitakabidhiwa mshale mara moja. Wapi! Kwa muda wa saa nzima nilifunzwa kusimama. Miguu ipanuliwe kwa upana wa mabega, bega lishuke, kidevu kisisogee. Kisha nikapewa mpira wa kuvuta, bila upinde. Mwalimu aliniambia nisiushike upinde kama mtu anayemkaba mwizi, kwa sababu mkono unaobana ndio unaotetemeka. Alipoona mikono yangu imetulia ndipo akanipa mshale mmoja. Mmoja tu.

Nilichojifunza ni kwamba mtu aliyesimama wima kamwe hatulii kabisa. Moyo ukipiga, mkono unacheza kidogo. Ukivuta pumzi, kifua kinapanda na mkono unapanda nacho. Ndiyo maana mlengaji hutoa pumzi kidogo, akaizuia kwa sekunde chache, kisha akaachia. Akichelewa sana, macho yanachoka na mkono unaanza kutetemeka. Hapo mlengaji mzuri hushusha upinde na kuanza upya. Kujua wakati wa kutopiga ni sehemu ya mchezo.

Kwa kuwa moyo unaopiga polepole ni faida kubwa, wako waliojaribu kuupunguza mwendo kwa dawa. Katika Olimpiki ya Beijing ya mwaka 2008, Kim Jong-su wa Korea Kaskazini alishinda nishani mbili za bastola, ya fedha na ya shaba. Vipimo vikaonyesha kuwa alikuwa na dawa iitwayo propranolol, ambayo hutuliza mapigo ya moyo. Akanyang'anywa nishani zote mbili. Sisi Wakenya, ambao majina ya wakimbiaji wetu kadhaa yamechafuka kwa dawa, tusidhani ulaghai huishi kwenye mbio pekee. Kila mchezo una njia yake ya mkato, na kila njia ya mkato ina mwisho wake.

UPINDE SI MGENI KWETU

Wanaosema huu ni mchezo wa wazungu wamesahau nyumbani kwao. Mjomba wangu ni mtu wa Kitui, na Wakamba walijulikana kwa upinde na mishale tangu zamani za mababu. Waata waliwinda ndovu kwa pinde nzito mno katika nyika ya Tsavo, kabla ya eneo hilo kufanywa mbuga ya taifa mwaka 1948. Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, upinde ulikosa kazi yake ya kale. Kwa maoni yangu, uwanja wa michezo ndio mahali halali ulipobakia.

Lugha yetu pia inatoa ushahidi. Kitu kisichokuwa cha watu hakiwi na majina mengi. Lakini Kiswahili kina upinde na kina uta, maana ni hiyo hiyo. Kamba yake huitwa upote. Mti wa mshale ni wano, ncha yake ya chuma ni chembe, na mfuko wa kubebea mishale ni podo au ziaka. Nani kati yetu alikuwa anayajua yote? Mimi niliyatafuta kwenye kamusi ya maktaba, nikashangaa jinsi msamiati mzima unavyoweza kulala usingizi kwa sababu tu vijana hawachezi tena. Hata methali tunayo: mshale kwenda msituni haukupotea. Mshale ulioukosa mnyama haujapotea, maana mwenyewe anajua alikoutuma. Nayo ndiyo roho ya mazoezi.

Hata kwa upande wa bunduki, Kenya si mgeni. Nchi yetu iliposhiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza, huko Melbourne mwaka 1956, walengaji wa bunduki walikuwa ndani ya timu. Wilson Kiprugut alituletea nishani ya kwanza ya Olimpiki, ya shaba katika mita 800, huko Tokyo mwaka 1964. Kwa hivyo walengaji wetu walifika Olimpiki kabla Kenya haijajulikana kwa nishani za mbio. Tofauti ni kwamba mbio zilifika vijijini na shuleni, na kulenga kukabaki kwenye vilabu vichache.

HOFU YA WAZAZI

Sasa nirudi kwa lile swali la ujambazi. Sitaki kulifanyia mzaha. Nilipomwambia mama kwamba nataka kujifunza kulenga, aliacha kukata sukuma na kuniangalia kwa muda mrefu. Tarehe 15 Januari 2019, magaidi waliposhambulia hoteli ya Dusit kule Riverside Drive na kuua watu 21, mama alikuwa kazini si mbali na hapo. Alifika nyumbani usiku, kwa miguu, viatu mkononi. Riverside ni jirani yetu hapa Lavington. Na kabla ya hapo, mwaka 2013, watu 67 waliuawa Westgate kule Westlands. Kwa mzazi wa upande huu wa Nairobi, mlio wa bunduki si mchezo wa televisheni.

Jibu langu kwa mama lilikuwa na sehemu mbili. Kwanza, sheria. Hapa Kenya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimruhusu mtu kuwa na bunduki bila cheti, na kazi ya kutoa leseni ni ya bodi maalumu. Kwa hivyo sipendekezi hata kidogo kwamba bunduki iletwe shuleni, hata ile ya hewa. Anayetaka mchezo huo na aufuate kwenye klabu yenye kibali, akiwa na mzazi wake na mwalimu aliyehitimu. Ninachosema ni kwamba upinde hutufunza mambo yale yale, kusimama, kupumua, kusubiri na kutii filimbi, bila mlio na bila baruti.

Pili, hatari ya upinde. Nisidanganye: mshale ni silaha, na ukimpata mtu unaweza kumuua. Ndiyo maana kuna ule mstari na zile filimbi. Kijana anayefunzwa mapema kwamba haelekezi mshale kwa kiumbe, na kwamba havuti upinde mtu akiwa mbele yake, amefunzwa kuiheshimu silaha. Yule anayejifunza silaha kutoka kwa sinema anajifunza kinyume chake. Samaki mkunje angali mbichi. Mama hakusema ndiyo, ila aliniuliza kama uwanja una uzio. Nikamwambia upo. Akaendelea kukata sukuma.

NI MCHEZO WA NANI?

Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Mimi nina pumu. Siku ya michezo hukaa chini ya mti nikichunga mabegi, sweta na saa za wenzangu. Sisemi haya ili nihurumiwe. Nasema kwa sababu siko peke yangu chini ya mti huo. Yuko mwenye miwani minene, yuko mnene, yuko anayechechemea, na wako wasichana walioambiwa kwamba mbio si za umbo lao. Shule inayojua kukimbia na kupiga mpira tu huwafanya wanafunzi kama hawa kuwa watazamaji kwa miaka yote ya sekondari.

Hebu tuwaangalie baadhi ya waliofanikiwa kwa kulenga. Yule Ban Hyojin niliyemtaja alikuwa na umri wa miaka 16 aliposhinda dhahabu. Huo ni umri wetu, jamani! Alianza kulenga mwaka 2021, miaka mitatu tu kabla ya Paris. Im Dong-hyun, mpigaji upinde wa Korea Kusini, ana macho mabovu mno, lakini mwaka 2012 huko London alipata alama 699 kati ya 720, na hiyo ikawa rekodi ya dunia. Sheetal Devi wa India alizaliwa bila mikono. Hushika upinde kwa mguu, akavuta kwa bega na taya. Huko Paris mwaka 2024, akiwa na miaka 17, yeye na mwenzake walishinda nishani ya shaba katika Olimpiki ya walemavu.

Kuhusu wasichana, kisa cha Zhang Shan wa Uchina kinafaa kukumbukwa. Katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, wanaume na wanawake walishindana pamoja katika kupiga visahani vya udongo. Zhang Shan akawashinda wanaume wote. Badala ya kupongezwa kwa kupewa nafasi zaidi, Olimpiki iliyofuata, ya Atlanta mwaka 1996, shindano hilo likawa la wanaume peke yao. Wanawake walipata lao mwaka 2000 huko Sydney. Siku hizi, tangu Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, kuna mashindano ya upinde na ya bunduki ya hewa ambapo mwanamume na mwanamke huunda timu moja. Kwa shule yenye wavulana na wasichana, hilo si jambo dogo.

Na kwetu je? Yuko Shehzana Anwar, Mkenya wa Nairobi. Mwaka 2016 alishinda ubingwa wa upinde wa Afrika huko Windhoek, Namibia, akafuzu kwenda Olimpiki ya Rio de Janeiro. Siku ya ufunguzi yeye ndiye aliyebeba bendera ya Kenya. Hebu fikirini: nchi ya wakimbiaji, tena yenye mabingwa wa dunia wengi, bendera yake ikatangulizwa na mwanamke wa upinde.

GHARAMA: TUSEME UKWELI

Yule mwenzetu aliyesema huu ni mchezo wa matajiri hakukosea kabisa. Seti kamili ya upinde wa mashindano ya kimataifa inaweza kugharimu zaidi ya karo ya mwaka mzima ya shule ya bweni ya serikali. Mzazi anayeuza mboga Kawangware hawezi kununua, na haifai aombwe. Kama kila mtoto ataambiwa aje na upinde wake, basi watakaopiga ni wale wenye mageti, na sisi wengine tutarudi chini ya mti.

Lakini hakuna sheria inayosema mwanafunzi lazima awe na upinde wake. Kwani kila mmoja wetu ana mpira wake? Mpira ni wa shule, tunauchezea kwa zamu. Pinde za kujifunzia ni nyepesi na bei yake ni nafuu kuliko zile za mashindano. Pinde nne za shule zinaweza kutosha wanafunzi ishirini, wanne wakipiga, wengine wakihesabu alama, wakishika filimbi na kufanya mazoezi ya mpira wa kuvuta. Shabaha inaweza kutengenezwa kwa magunia yaliyoshindiliwa nyasi kavu hadi yakawa magumu.

Tena si lazima tuwe na uwanja wa mita 70, ambao katika mtaa wetu uliojaa maghorofa hauonekani. Mashindano ya kimataifa ya upinde ya ndani ya ukumbi hupigwa kutoka mita 18, kwa shabaha ndogo ya sentimita 40. Mita 18 tunazo. Nimepima kwa hatua ile sehemu iliyo kati ya maktaba na ukuta wa nyuma, nikapata zaidi ya ishirini. Ukuta ni wa mawe, mrefu, na nyuma yake hakuna njia ya watu.

MAPENDEKEZO

Kwa hivyo naomba mambo matatu. La kwanza, walimu wa michezo waalike mkufunzi wa upinde hata kwa siku moja tu, tuone na tuulize maswali. La pili, shule ikinunua vifaa, viwe vya shule, vifungiwe kwenye stoo, na mwalimu awe ndiye mwenye ufunguo. La tatu, nafasi za kwanza zisitolewe kwa nyota wa raga na kandanda, maana wao tayari wana timu. Zitolewe kwa wale ambao jina lao halijawahi kuandikwa kwenye ubao wa matokeo. Mtaala wa sasa una mkondo mzima wa Sanaa na Sayansi ya Michezo kwa shule za sekondari ya juu. Itakuwa ajabu mkondo huo ukiwa na maana ya mpira tu.

Sina uhakika kwamba kutoka shuleni kwetu atatoka bingwa wa Afrika, na wala si hoja. Nina uhakika wa jambo moja ambalo nimeliona kwa macho yangu. Mtu akisimama kwenye mstari na upinde mkononi, hakuna anayemuuliza anakimbia kwa kasi gani, baba yake anafanya kazi gani, wala anaishi upande gani wa barabara ya Gitanga. Anaulizwa tu kama ametulia. Na utulivu, wenzangu, haununuliwi dukani, unafanyiwa mazoezi.

Anayetaka kuandikisha jina lake kwa ajili ya siku ya majaribio anione maktabani wakati wa mapumziko ya saa nne. Majina kumi na moja tayari ninayo.